Yule Mtamba Pacha wa Mahari Yangu

Jumamosi, jioni. Manyunyu yametoka ziwani tangu asubuhi, yale ambayo hayakuloweshi wala hayakuachi ukauke. Nguo nilizoanika jana bado zina unyevu. Moyo wangu hivyo hivyo.

Shajara yangu, leo nina mengi. Na wewe unayepitaga humu kwenye blogu kusoma, unanijua. Nimeishia darasa la saba, naimba sauti ya pili kwenye kwaya, nafuga ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba hapa Nyakato, Musoma, na nina ugonjwa mmoja ambao nimeuungama kwa mapadri wote waliopita parokiani na bado ninao. Nawadhania watu vibaya.

Nikikuta sufuria imehamishwa, nauliza ni nani na alikuwa anatafuta nini. Mtu akinisifia kitenge, nawaza anataka kuazima. Hata nikisali rozari, kuna siku nafika katikati nakuta nimeanza kuwaza jirani yangu alicheka nini jana nilipopita.

Na mtu niliyemdhania muda mrefu kuliko wote ni mama mkwe wangu.

Wiki hii Magesa, mume wangu, ameniletea swali linalotaka jibu. Mama yake anakaa Bunda, pale Manyamanyama, peke yake. Aliteleza kisimani, nyonga ikaumia, na sasa ndoo ya maji haiwezi tena. Sisi tuna chumba, kile alichokuwa analala binti yetu Neema kabla hajapata kazi. Magesa hakufoka. Alisema tu huku anavua viatu kwamba Jumapili baada ya misa anataka kujua kama anaenda kumchukua mama yake, au anaenda kumtafutia msichana wa kukaa naye kule kule.

"Nyumba ni yako, Mama Neema," akasema. "Ila sitaki aje kukaa kwa mtu anayemchungulia."

Nikachukua viatu vyake nikaenda kuvikung'uta nje. Kwa sababu kweli ningemchungulia.

Nieleze tangu mwanzo, la sivyo utaniona mama mwenye roho mbaya tu.

Niliolewa miaka ya ruksa. Wakubwa mnakumbuka. Kabla ya hapo ilikuwa foleni ya sukari, mche wa sabuni unakatwa kwa uzi mgawane majirani, na kitenge ni cha mwenye ndugu dukani. Halafu tukasikia biashara ni ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikashuka Musoma kwa marobota, malori yenye barafu yakaanza kufika mialoni kubeba sangara. Watu wa samaki wakapumua. Sisi watu wa ng'ombe tulikuwa na letu. Zamani josho la kijiji lilikuwa na dawa ya serikali, unapeleka ng'ombe, wanaogeshwa, unarudi nao. Miaka ile dawa nayo ikaenda dukani. Mwenye uwezo alinunua, asiye na uwezo alitoa kupe kwa vidole. Ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, ilipita kwenye mazizi kama mtu anayefagia uwanja.

Kwetu ni Butiama. Siku wakwe walipoleta mahari, ng'ombe wengi walikuwa mifupa inayotembea. Baba yangu alitazama pembeni kwa adabu. Mzuri alikuwa mtamba mmoja tu, jike ambaye hajazaa bado. Alikuwa mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji, kifua kipana, anasimama kama anajua anatazamwa. Huyo ndiye aliyetolewa awe wa mama.

Kwetu kwenye mahari kuna ng'ombe mmoja wa mama mzaa binti. Hachinjwi wala hauzwi ovyo, na watu wanamfuatilia. Akizaa mapema, wanasema binti naye atazaa. Akikawia, macho yanahamia kwenye tumbo la binti. Haijaandikwa popote, ila hakuna shangazi asiyeijua. Mama yangu alimpenda sana yule mtamba. Akamwita Ruksa, kwa kuwa mwaka ule kila kitu kilikuwa ruksa.

Ruksa hakuzaa.

Alipelekewa dume la nyumbani, la jirani, hadi la ng'ambo ya mto. Hakuwa hata anatafuta dume kama mitamba wengine. Alizidi kunenepa shingo, pembe zikawa nene, akilia analia kwa sauti nzito. Mwishowe baba akamfunga nira akalima naye pamoja na maksai, na alivuta kuwazidi. Wapita njia walicheka. Ng'ombe wa mama analima! Msimu wa kulima mama yangu alikuwa anaingia ndani asimwone.

Na mimi huku Manyamanyama sikushika mimba. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, ukapita nao. Pale bombani wanawake walisema mbele yangu, kama vile nimetoka kidogo, kwamba mnamlaumia nini huyu, ng'ombe wake si mnamjua.

Hapo ndipo nilianza kukusanya. Mtu mwenye ugonjwa wangu hukusanya. Nilikumbuka siku ya mahari mama mkwe alivyosimama ubavuni kwa yule mtamba muda wote, mkono mgongoni kwake, na shangazi yangu alipouliza mama wa huyu mtamba ni yupi, akajibu haraka kwamba ni wa hapa hapa nyumbani, halafu akaomba maji. Nikakumbuka kwamba katika miaka ile ya kungoja hakuwahi kuniuliza mimi habari ya tumbo langu. Alikuwa anasafiri hadi Butiama, anaingia zizini kwa baba, anamtazama Ruksa kimya, anarudi. Mtu gani anafunga safari kutazama ng'ombe aliyekwisha kumtoa?

Na Neema alipokuja kuzaliwa, Mungu alipojibu, bibi yake hakutaka kumpokea mikononi. Alisimama mlangoni, mikono nyuma. Walimlazimisha, akamshika kama mtu aliyeshika chungu cha moto, akalia, akamrudisha.

Mama yangu alikufa bado ana jeraha hilo. Mara ya mwisho nilipokaa naye alinishika kidole gumba, akasema, "Yule mama alijua." Sikuuliza alijua nini. Nilikuwa najua. Alijua kwamba ametupa ng'ombe mbovu, na labda alimwombea awe hivyo, na mimi niwe hivyo.

Hilo neno nimeishi nalo miaka yote tangu hapo. Mama mkwe akileta mihogo, nampa mbwa kwanza.

Ndiyo, nimeandika. Mbwa kwanza. Mungu anisamehe.

Sasa njoo kwenye wiki hizi. Ng'ombe wangu mkubwa amezaa mapacha, dume na jike, na wote wazima. Nilifurahi hadi nikapiga vigelegele peke yangu zizini. Magesa kwao ni samaki, ng'ombe anawajulia kwangu, na mimi mwenyewe sijawahi kuzalisha mapacha. Zamani zizi lilikuwa la wanaume, sisi tulipewa kibuyu cha maziwa tu. Nikamtenga yule jike kwenye kizimba chake, nikawa namzidishia maziwa, nikawaza huyu ndiye atakayenilisha uzeeni.

Jana Neema akaja. Neema ni afisa mifugo, amepangiwa kazi Butiama, kijiji cha babu yake, na akija hapa kitu cha kwanza ni zizi kabla ya chai. Akawaona mapacha, akacheka, halafu akaacha kucheka. Akauliza jike ni yupi. Akatoa kwenye mkoba wake kijiti laini cha plastiki chenye ncha ya mviringo, akakipaka mafuta, akakipitisha taratibu nyuma ya ndama. Kikaingia kidogo, kikagoma.

"Mama," akasema, "huyu usimtegemee kuzaa."

Nikamwambia asiwe na haraka ya kumtabiria mtoto wa watu. Yeye akapindua ndoo, akakaa, akanieleza. Nitajaribu kuandika nilivyoelewa, na nikikosea yeye anasomaga humu, atanisahihisha.

Ng'ombe mzima, alisema, anaanza na seli moja. Inagawanyika, zinakuwa mbili, zinakuwa kundi, zinakua na kugawanyika tena. Na kila seli inabeba kitabu kile kile kizima cha maelekezo. Seli ya kwato imebeba maelekezo ya ini. Seli ya jicho imebeba maelekezo ya mkia.

Nikamuuliza mbona basi mkia hauoti jichoni.

Akasema swali ndilo hilo, mama. Ni kwa sababu hakuna seli inayosoma kitabu chote. Kuna protini fulani ambazo kazi yake ni kwenda kukaa pale jeni inapoanza, kama kwenye kichwa cha ukurasa, na kuamua huu usomwe, huu unyamaze. Ukurasa ukisomwa inatolewa nakala, na kwa nakala hiyo seli inajenga kinachotakiwa. Usiposomwa, upo tu, umefungwa. Akazitaja protini hizo kwa jina refu la Kiingereza. Nikamwambia hilo amwachie mwalimu wake.

Mimi nimeziita waongoza wimbo. Kwenye kwaya wote tumeshika kitabu kimoja. Mwalimu akiinua mkono kwa sauti ya pili, tunaimba sisi, besi wananyamaza, ingawa noti zetu wanazo mikononi. Neema alipenda, ila akaongeza kwamba kwenye mwili mwalimu si mmoja. Wako wengi, na wao wenyewe wameandikwa ndani ya kitabu hicho hicho. Mmoja akiamka anamwamsha mwenzake, huyo anamlaza wa tatu. Wapo wanaosema sasa ni kukua tu, gawanyikeni. Wakati ukifika hao wanakaa chini, wanasimama wengine wanaosema wewe kuwa ngozi, wewe kuwa mfupa. Na seli ikishakuwa mfupa hairudi nyuma kirahisi, kurasa za ngozi zinafungwa na zinabaki zimefungwa. Tena kuna ujumbe unaoweza kuja kwa njia ya damu, homoni, ukafika ukaamsha huyu au ukamnyamazisha yule.

Nikauliza na Mungu yuko wapi katika hao waongoza wimbo. Akasema darasani walipofundishwa kwamba kila mmoja anaamka kwa zamu yake na asipoamka kiumbe kizima kinapotoka, yeye alipiga ishara ya msalaba chini ya meza wenzake wasimwone. Hapo nikamwamini kidogo.

Basi akaja kwa yule ndama. Mwanzoni kabisa tumboni, dume na jike wana kitu kimoja, kibonge kidogo ambacho hakijaamua kiwe mapumbu au kiwe kiwanda cha mayai. Kwa dume kuna mwongoza wimbo mmoja anayeamka mapema, anamwamsha mwingine, na kibonge kinashika njia ya kiume. Kwa jike husimama mwongoza wimbo wa kike, na kazi yake mojawapo ni kumzuia yule wa kiume asisimame. Kila mmoja akiwa tumboni peke yake, hakuna shida. Lakini ng'ombe akibeba mapacha, kondo zao mara nyingi huungana, damu ya huyu inapita kwa yule. Dume ametangulia. Homoni zake zinavuka kwenda kwa dada yake, zinamkuta mwongoza wimbo wa kike hajakaa sawa. Anazimwa. Sehemu nyingine yule wa kiume anasimama mahali pasipo pake. Kinachojengwa hakiwi mayai wala hakiwi mapumbu.

Mengine yote yako sawa. Moyo sawa, kwato sawa, maziwa ananyonya kama kawaida. Pale tu pamepotoka. Ukichukua hata damu yake, alisema, utakuta ndani yake seli za kaka yake bado zinazunguka. Wachache wanapona, lakini ni wachache kweli.

"Anakuwa na shingo nene," akasema Neema. "Sauti nzito. Ukimfunga nira anavuta."

Shajara, nilishika mlango wa zizi.

Kitu cha kwanza kunijia hakikuwa Ruksa. Nitasema ukweli. Kilikuwa kumdhania binti yangu mwenyewe. Neema anampenda bibi yake, anamtumia vocha, anamlalia mapajani hadi leo. Na wiki ile ile baba yake anayotaka jibu, yeye anafika na somo la kumsafisha bibi! Mambo mawili wiki moja. Nikamuuliza ni nani aliyemtuma. Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

Sikuishia hapo. Nikamwambia twende kwa Mama Ester, nyumba ya tatu, ana ndama jike umri ule ule ambaye si pacha. Tukaenda na kijiti. Mama Ester alidhani tumekuja kuchanja. Neema akakiosha, akakipaka mafuta, akakipitisha. Kikazama hadi karibu na vidole vyake. Hakuniangalia. Alikifuta tu akakirudisha mkobani.

Basi Ruksa alikuwa pacha wa dume. Lazima.

Na hapo, badala ya kutulia, nikawaka upya. Kama alikuwa pacha, mbona hatukuambiwa? Baba yangu aliishi na ng'ombe maisha yake yote. Neema anasema wafugaji wa zamani wengi walilijua hili bila seli wala homoni, jike aliyezaliwa pamoja na dume hawekwi kwa ajili ya kuzaa. Neno moja tu, pacha wa dume, baba angeelewa pale pale, asingekubali awe ng'ombe wa mama, na mimi nisingepimwa kwa ng'ombe yule. Mtu aliyelificha neno hilo alificha kwa sababu gani?

Mama yangu alisema yule mama alijua.

Nikamwambia Neema hivyo. Akajibu polepole, na nikaona amechoka na mimi.

"Mama, sayansi inajua kwa nini hakuzaa. Bibi alijua nini, kamuulize bibi."

Leo asubuhi nimeenda. Nilinunua sato wawili mwaloni nikawafunga kwenye gazeti, nikafika Bunda manyunyu yananifuata. Nitasema tena ukweli, sikwenda kama mkwe. Nilikwenda kama askari.

Nilimkuta barazani kwenye kigoda, mguu mbovu ameunyoosha, anachambua dagaa kwenye ungo. Amepungua. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba huku anawatazama wale samaki, si mimi.

"Umeleta sato," akasema. "Nani kafa?"

Nilijikuta nacheka, na sikutaka kucheka. Nikakaa kwenye jamvi. Sikuzunguka. Nikamuuliza kama Ruksa alikuwa pacha.

Mkono wake ulisimama ndani ya ungo.

"Nani kakuambia?"

Nikasema ndama wangu wameniambia. Aliendelea kuchambua, anatoa takataka ambazo hazikuwepo. Halafu akaeleza, na sehemu kubwa alieleza akitazama barabarani.

Alikuwa pacha, mwenzake dume, na lile dume lilikufa kwa ndigana siku chache kabla ya mahari, pamoja na ng'ombe wengine ambao ndio walikuwa wametengwa kwa ajili yangu. Kwao ni ziwani, kwenye zile rasi, watu wa nyavu. Ng'ombe walinunua ukubwani. Na kwao mapacha, wawe watu, wawe mbuzi, hawatenganishwi kimya kimya. Ukimtoa mmoja, hata kama mwenzake amekufa, anayepokea anaambiwa, anachagua kupokea au kukataa, maana aliyeachwa na mwenzake huhesabiwa ana uzito, mkosi unaomfuata anayempokea. Yeye hakusema. Alisimama ubavuni kwa mtamba siku nzima akiogopa mtu atamuuliza waziwazi.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesema, mashangazi zako wangemrudisha. Zizi lilikuwa tupu, Mama Neema. Magesa angekuoa na nini, na kuku?"

Miaka yote nimeamini yule mtamba alikuwa kibaya chao walichonitupia. Kumbe ndiye pekee mzuri waliyekuwa naye.

Lakini bado nikauliza, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nikamuuliza kama alijua hatazaa. Akanigeukia, mara ya kwanza kunitazama usoni tangu nifike.

"Ningejua, ningempa mama yako? Ng'ombe wa mama?"

Akaendelea mwenyewe, sikumvuta. Nilipokawia kushika mimba, alijua ni yeye. Amemtoa pacha bila kusema, na uzito umeniangukia mimi. Alikuwa anaenda Butiama kumtazama Ruksa kwa sababu alijiambia akimkuta na mimba, basi na mimi nimefunguliwa, na yeye atalala usingizi. Kila mara alirudi vile vile. Kuniuliza mimi habari ya tumbo alishindwa, angeuliza kwa mdomo gani. Na Neema alipozaliwa aliogopa kumshika.

"Si mtoto niliyemwogopa," akasema. "Ni mkono wangu."

Shajara, mimi nilikuwa nampa mbwa mihogo yake. Na yeye huku anaogopa mkono wake mwenyewe.

Nikamweleza habari ya kitabu na waongoza wimbo. Nilieleza vibaya, nilichanganya homoni na jeni, nikatumia ungo wake wa dagaa kuonyesha kondo mbili zilivyoungana na damu inavyovuka. Alisikiliza kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu anayeuziwa kitu mnadani.

"Na nani aliingia humo tumboni akaona?"

Nikasema wamesoma, mama. Neema amesoma, na jana amepima mbele yangu. Aliposikia jina la Neema uso ukalegea. Akarudia polepole, kujihakikishia, kwamba damu ya dume ndiyo iliyovuka, tangu tumboni, kabla hata mtu hajamtenganisha na yeyote.

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, mama."

"Na wewe kukawia?"

Nikamwambia hilo sijui, na Neema hajui, ila Ruksa alikuwa na tumbo lake na mimi nilikuwa na langu, na hakuna damu iliyovuka kati yetu. Akaitikia kwa kichwa. Akarudi kwenye dagaa zake, akachambua kama mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo, na machozi yanashuka bila yeye kuyafuta. Mimi nikaingia jikoni kuparua samaki. Sikujua kingine cha kufanya.

Tulipokula, mimi na yeye sahani moja, akauliza nimekuja kumuuliza ng'ombe au nimekuja kumtazama kama anafaa kuhamia kwangu. Nikasema yote mawili.

"Angalau hujadanganya," akasema. Akatoa miba mdomoni. "Na hao ndama umewalazaje?"

Nikasema jike yuko peke yake. Akakunja uso. Akasema niwarudishe pamoja, mpaka dume aondoke kwa kuagwa. Nilitaka kumwambia ndama hana uzito wowote, ni mwongoza wimbo mmoja tu alizimwa. Nikameza.

Nimerudi kabla jua halijazama. Magesa alikuwa anatengeneza baiskeli uani. Nikamwambia kesho baada ya misa twende wote wawili, na achukue lile godoro nene, lile jembamba litamuumiza nyonga. Aliacha mnyororo, akaenda kunawa mikono kwa muda mrefu kuliko mafuta yaliyokuwepo.

Sasa nitakuambia wewe kitu ambacho sikumwambia yeye. Nikiwa njiani kurudi, sauti ile iliamka tena. Ikaniuliza kama machozi yale yalikuwa ya kweli. Ikaniuliza kama kweli watu wa nyavu hawakuwa na hata jirani mmoja mfugaji wa kuwaambia habari ya pacha wa dume. Ikaniambia mama yako hakuwa mjinga. Sijui nitaijibu nini, na pengine sitapata jibu hadi nitakapokutana na mama yangu mbele ya Bwana.

Ukurasa huo uko ndani yangu, haujachanwa, na sidhani utachanwa. Nimeomba tu leo kwamba akae mwongoza wimbo mwingine kwenye kichwa cha ukurasa huo, aseme huu unyamaze. Kesho mama mkwe akipika, nitakula wa kwanza.

Kabla ya kuandika haya nimekwenda zizini nikatoa mbao zilizotenganisha vizimba. Yule jike alisimama kwanza, akanusa, halafu akavuka akalala ubavuni kwa kaka yake.

Neema akisoma atanicheka. Acheke. Bibi yake anakuja kesho, na kitu cha kwanza atakachouliza ni hicho.